Nyoosha Mkono, Hadithi Iendelee

Sikuwa na nia ya kuingia katika kibanda kile. Nilikuwa Kibwezi nangoja gari la kunipeleka Mutomo, na jua la Ukambani, kama wajuavyo waliopita huko, halina huruma kwa mtu aliyezoea upepo wa pwani. Basi la kutoka Mombasa lilinishusha saa tano za asubuhi, na dereva wa Probox akaniambia kwa ukweli kabisa kuwa haondoki mpaka watu wajae. Na Probox ya huko hujazwa kweli kweli. Nikatafuta kivuli. Kivuli cha karibu kilikuwa cha bati, na chini ya bati hilo mlikuwa na televisheni tatu, mashine za PlayStation za zamani, na vijana kumi na mmoja waliokuwa wakipigiana makelele.

Sisi watu wazima twavijua vibanda hivi, au twadhani twavijua. Viko Majengo, viko Kisauni, viko Malindi. Kijana hulipa shilingi ishirini akacheza mpira wa kwenye kioo, akishindwa huondoka, akishinda hubaki. Wahubiri wetu wamevisema sana, wazazi wamevilalamikia, na mimi mwenyewe nimekwisha kuvisema mara nyingi barazani baada ya swala ya alasiri. Pengine vijana huwekeana pesa, na hapo hapana mjadala. Kamari ni kamari hata ikichezwa na mtoto wa miaka kumi. Lakini nilichokikuta Kibwezi hakikuwa mpira, wala hakikuwa kamari. Vijana wale walikuwa wakicheza hadithi, wote kwa pamoja, na padi ilikuwa moja.

Mchezo wenyewe waitwa The Walking Dead, nao ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Telltale ya California. Ni kisa cha mtu mmoja, Lee, na mtoto wa kike asiye wake, Clementine, wanaojaribu kuishi katika nchi ambayo maiti wameinuka na kula watu. Nasema mapema ili nisije nikalaumiwa: mchezo huu una damu nyingi, na si wa watoto. Mwenye kibanda naye alikuwa amewafukuza wadogo, wakawa wanachungulia katika matundu ya bati, jambo ambalo sijui lilikuwa na faida gani. Walakini damu si kiini chake. Kila baada ya muda hadithi husimama, mchezaji akaulizwa: utafanya nini? Utamwokoa huyu au yule? Utasema kweli au utaficha? Jibu likitolewa, wenzako ndani ya hadithi hulikumbuka na kukudai baadaye.

Mchezo huu ulitungwa uchezwe na mtu mmoja chumbani kwake. Kibwezi hakuna mwenye chumba wala mwenye mashine yake, basi wameugeuza. Swali likitokea, kijana mwenye padi hubonyeza kitufe cha kusimamisha. Mwingine anayekijua Kiingereza vizuri hueleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapokuwa kizito huongeza Kikamba. Kisha kila mtu ana haki ya kusema neno moja au mawili. Halafu wote hufumba macho, wananyoosha mikono, na mwenye kibanda huhesabu. Nikamwuliza, mbona macho yafumbwe? Akanijibu, "Mzee, wakitazamana wanamfuata yule mkubwa." Mimi ninayeikumbuka kura ya mlolongo ya 1988, tulipopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe na kila jirani akijua nimesimama wapi, nilimwelewa upesi.

Sasa nisikilizeni jambo lililonifanya niiache Probox ya kwanza iende zake.

Hadithi ilifika mahali pa njaa. Watu kumi wamejificha katika nyumba ya wageni, na chakula cha siku hiyo ni vipande vinne tu. Lee ndiye wa kugawa. Nani ale? Mtoto? Mgonjwa? Mwenye nguvu anayewalinda wengine? Vijana wale hawakucheka. Hili ni swali la nyumbani kwao. Wakamba wamezipa njaa zao majina kama sisi tunavyozipa pepo za bahari majina, na njaa ya 1984 wanaiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa nami ninazo mkononi, kwa kuwa mtu aliweza kuwa na fedha na asipate mahindi ya kununua. Wajukuu wa watu waliopita njaa hiyo ndio waliokuwa wamekaa juu ya makreti ya soda wakibishana kuhusu vipande vinne vya chakula cha kwenye kioo.

Baadaye kidogo, kundi lile lenye njaa likakuta gari usiku msituni. Mlango u wazi, taa zinawaka, na gari limejaa chakula. Mwenyewe hayupo. Mchukue, msichukue?

Mmoja akasema mwenye gari amekwisha kufa, na mali ya maiti haina kazi naye. Mwingine akasema taa zinawaka, basi mwenyewe hajaenda mbali, na huu ni wizi. Wa tatu akasema njaa haina sheria. Kisha akasema kijana mwembamba, hata sauti haijamkomaa vizuri. Alisema susu yake, ndivyo Wakamba wamwitavyo bibi, alimsimulia kuwa katika ile njaa ya 1984 waliingia ghala la jirani aliyekuwa kazini Mombasa, wakala, na mvua iliponyesha na mavuno yakaja wakamrudishia debe kwa debe. "Tuchukue," akasema, "halafu tuache barua ya deni."

Wote wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza. Naam, fatwa ya namna hiyo si ya kudharauliwa; mafakihi wetu wameandika mengi juu ya mwenye dharura anayekula mali ya mwenziwe, na wako wengi waliosema kwamba ale ajinusuru na deni limbakie shingoni. Mtoto yule hakusoma fikihi kwa mtu yeyote. Aliisoma kwa susu yake.

Lakini mashine haina jibu la tatu. Ina kuchukua na ina kutochukua, basi. Kijana mwenye padi akamwambia kwa upole kwamba barua haiko. Wakafumba macho, wakahesabiwa: sita wakachukua, wanne wakakataa, na yule mwembamba hakunyoosha mkono upande wowote. Wakamgombeza, kwa kuwa kanuni yao ni kwamba kila aliyelipa lazima apige kura. Akasema yeye kura yake ni ya barua.

Nimelifikiri jambo hili tangu siku hiyo, na maoni yangu ni haya. Wazee wanaotaka kuvifunga vibanda hivi vyote kwa kufuli moja wanakosea, maana wanafunga pamoja na kamari kitu ambacho ni chetu cha asili na ambacho sisi wenyewe tumekiacha. Lakini vijana nao wanaodhani kwamba kwa kunyoosha mikono wameshaitawala hadithi, nao wanakosea, tena kosa lao ndilo la hatari zaidi.

Kwanza hilo la asili. Hadithi ya pwani haikuwa ya mtu mmoja kusema na wengine kusinzia. Paukwa, pakawa, msimulizi haanzi mpaka aitikiwe. Kitendawili hakitegwi mpaka wasikilizaji wakubali kitegwe, na wakishindwa watoe mji. Na zilikuwako zile hadithi zilizoishia kwa swali. Nani hakuisikia ya ndugu watatu, mmoja mwenye kioo cha kuonea mbali, mmoja mwenye busati la kuruka, mmoja mwenye dawa ya kumponya binti wa mfalme? Nani amstahili binti? Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiisimulia na kuikatisha hapo hapo, akaingia jikoni, akatuacha tukitoana macho mpaka chakula kiive. Hakutuambia jibu hata siku moja. Leo watoto wetu wanatazama televisheni inayowapa jibu kabla hawajauliza, kisha tunashangaa kuwaona wanatafuta kwenye mashine ya kukodi kile ambacho bibi alikitoa bure.

Ukambani nako hawakupungukiwa. Nzama, baraza la wazee wao, lilikuwa la kusemezana, na mwethya, kundi la kazi za pamoja lililochimba matuta ya mashamba yao, halifanyi kazi pasipo watu kukubaliana. Na tangu ugatuzi ulipoanza 2013, Makueni imejulikana nchi nzima kwa mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini na kupanda ngazi sita mpaka kaunti, watu wakichagua wenyewe miradi ya kutangulizwa. Katika siku za gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, kaunti nyingine zilituma watu wake Wote kwenda kujifunza. Mwenye kibanda aliniambia kanuni zake alizichukua kwenye mikutano ya namna hiyo. Kufumba macho ameongeza mwenyewe.

Wala si Kibwezi pekee. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walikuja kutazama mazoezi ya mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakawa wanaurekebisha, la huyu hasemi hivyo, la ngoma hii haichezwi hivyo, mpaka mchezo ukawa wao; na serikali ikaupiga marufuku. Mwaka 2014 watu zaidi ya milioni moja, kila mtu nchini kwake, waliucheza mchezo mmoja wa Pokémon kwa pamoja kupitia mtandao wa Twitch, kila mmoja akiandika amri yake, na baada ya fujo za siku kumi na sita wakaumaliza. Na kampuni ile ile ya Telltale, mwaka 2016, ilitia katika mchezo wake wa Batman njia ya watazamaji kupiga kura kwa simu zao. Vijana wa Kibwezi hawana habari na hayo yote. Wamefika huko kwa sababu ya umasikini wa mashine.

Hatari nayo iko wapi? Nitawaeleza kwa kisa kimoja cha zamani. Katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1967 mjini Montreal, Kanada, banda la Chekoslovakia lilionyesha sinema iitwayo Kinoautomat, ya mtu mmoja jina lake Radúz Činčera. Kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, chekundu na kijani. Sinema ikifika njia panda husimama, mtu akatokea jukwaani akawauliza watazamaji, wakabonyeza, na wengi ndio waliofuatwa. Watu waliipenda mno. Wasichokijua ni kwamba hadithi ilitungwa hivi: hata mkichagua njia gani, mtafika pale pale, kwenye jengo linaloungua moto. Činčera alitoka katika nchi iliyotawaliwa na chama kimoja, na wako waliosema dhihaka yake ilikuwa ni juu ya kura zenyewe.

Basi mchezo wa Kibwezi nao una hila hiyo. Mwanzoni kabisa mwataka kuwaokoa wavulana wawili, mmoja akiwa amebanwa na trekta. Vijana waliniambia walibishana karibu nusu saa, wakapiga kura mara mbili. Mkubwa hufa, mchague msichague. Na lile gari la chakula? Wakikataa kuchukua, wenzao ndani ya hadithi watachukua tu. Na mwenye gari yu hai. Atakuja mwishoni kudai, na atadai kwa kitu kibaya kuliko chakula. Sikuwaambia, maana mwanangu aliyewahi kuucheza ndiye aliyenieleza baadaye. Lakini tazameni: ile barua ya deni ya yule kijana mwembamba, iliyokosa nafasi kwenye mashine, ndiyo iliyokuwa rai ya pekee iliyomkumbuka mwenye gari kama mtu.

Kura ni kitu kizuri, lakini aliyeandika swali amekwisha kupiga kura yake kabla yenu. Mtoto akizoea kuulizwa "hiki au kile," na saa inakimbia, atakuwa mtu mzima wa kuulizwa "hiki au kile." Ataona fahari kwa kuwa aliulizwa. Tunao wengi wa namna hiyo tayari, nao hawakupita kwenye kibanda chochote.

Kitui mjini, ambako nilikwenda siku ya tatu kununua vitu na kuswali Ijumaa, nilikuta kibanda kingine wanacheza hadithi vile vile. Huko wana desturi ambayo sikuipenda. Kura ikileta msiba, hurudisha mchezo nyuma wakapiga tena, mpaka mambo yakae watakavyo. Nikawaambia Kibwezi hawarudi nyuma. Wakacheka, wakasema Makueni ni watu wa mikutano. Mimi sikucheka. Kura inayorudiwa mpaka ipendeze ni kitu gani?

Sisi Waislamu hatukufundishwa mashauriano na wageni. Sura nzima ya Kurani, ya 42, jina lake ni Ash-Shura. Na hebu tukumbuke Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliona bora kubaki ndani ya Madina. Vijana wengi, hasa waliokosa Badr, walitaka kutoka kumkabili adui nje. Akaifuata rai yao, akaingia ndani, akavaa dirii. Walipojuta wakataka kumrudishia shauri, hakukubali kuivua tena. Yaliyotokea twayajua: wapiga mishale waliacha mlima, na karibu masahaba sabini wakafa mashahidi, Hamza akiwa miongoni mwao. Angekuwa mtawala wa siku hizi, angesema tangu leo hashauriwi mtu. Lakini aya iliyokuja baada ya msiba huo, katika Aali Imran, iliamrisha waendelee kushauriwa. Nilimweleza haya kijana mmoja wa Kitui aliyekuwa Mwislamu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Lakini mzee, hii ni gemu." Sikuwa na jibu la haraka.

Jibu nililipata Mutomo, na sikulitoa mimi.

Sikwenda Mutomo kutembea. Ndugu yangu mdogo, Mungu amrehemu, alioa huko, na alipofariki mkewe akarudi kwao na mtoto wao wa kiume. Mtoto sasa ana miaka kumi na minne, yuko gredi ya nane. Kaka yetu mkubwa alinituma nikamchukue aje Mombasa, akae na jamaa za baba yake, asome madrasa na shule. Mjomba wake, mtu wa heshima na mlezi wake wa miaka mitano, alikuwa na shauri lake: mtoto asiondoke. Tulikaa ndani watu wazima saba. Tuliongea kwa adabu nyingi, na adabu ile ilikuwa inazidi kuwa kali. Mama mtu hakusema kitu. Mtoto alikuwa ametumwa dukani kununua soda.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimemsimulia habari za kibanda cha Kibwezi, tukacheka juu ya wale wanaochungulia katika bati. Kisha akaniuliza, "Ami, kumbe kule hata mdogo huulizwa?" Nikasema huulizwa, maadam amelipa shilingi ishirini. Akasema, "Mimi sijaulizwa." Akageukia ukuta akalala, au akajifanya amelala.

Basi pale kikaoni, tulipofika mahali ambapo mjomba alikuwa anasema "abaki" na mimi nasema "aende," nikayakumbuka matundu mawili ya mashine. Nikasema tumwite. Mzee mmoja wa upande wao akasema watoto hawaingii katika maneno ya wakubwa. Nikamwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akifika umri wa kupambanua, nao hukadiriwa miaka saba, huhiyarishwa baina ya baba na mama wakiachana, na huyu wetu amezidisha maradufu. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo yataka maoni ya mtoto yasikilizwe kulingana na umri wake. Mzee akakubali kwa ajili ya sheria. Ya Shafi hakuyafuata vizuri.

Mtoto akaingia na soda zake. Akasimama. Mjomba akamwuliza, mimi nikamwuliza. Alikawia kidogo, kisha akasema anataka kumaliza gredi ya tisa hapo hapo Mutomo kwa sababu mama yake ana shinikizo la damu na hana mwingine wa kumwamsha usiku, kisha aje Mombasa kwa masomo ya juu. Na kila likizo ya Desemba aje kwetu asome chuoni, na Ramadhani inayoangukia likizo afunge nasi. Alikuwa amekwisha kuhesabu hata nauli.

Hakuna miongoni mwetu watu wazima saba aliyekuwa ameliwaza shauri hilo. Mama yake ndipo aliponyanyua kichwa.

Kaka yangu mkubwa hajafurahi, na ameniambia wazi kuwa nilitumwa kuleta mtoto nikaleta maneno. Ana haki ya kusema hivyo. Nauli ya Desemba nimekwisha kuiweka kando, ya kuja na ya kurudi.